Walijigamba wakinywa, wakadaiwa vitani: ushujaa katika tendi za Waanglo-Saksoni

#1 MjombaKihesa (mleta uzi)

Wakuu, salama?

Mpwa wangu yuko chuo mwaka wa pili, anasoma fasihi. Juzi kanirushia zoezi alilopewa: "Jadili sifa za shujaa katika tendi za Waanglo-Saksoni." Jibu alishaliandika: nguvu, ujasiri, utii kwa bwana, ukarimu, hekima, kupenda jina. Sifa sita, kila moja na aya yake na mfano wake. "Mjomba, nimekosea wapi?" Hajakosea popote, na hapo ndipo nilipochoka. Orodha ile hata ukimvalisha shujaa wa Kigiriki au wa Kimongolia itamkaa tu. Nikamwambia subiri, nitakujibu kwa kirefu. Na kwa kuwa humu wamejaa watu wa fasihi, nikaona niyamwage hapahapa mnirekebishe.

Kwa wasiowajua: Waanglo-Saksoni ni makabila yaliyovuka bahari kutoka pande za Denmark na kaskazini mwa Ujerumani kuanzia karne ya 5, wakaingia Uingereza. Kiingereza chao Mwingereza wa leo haambulii kitu mpaka afundishwe. Nitashika tungo mbili. Ya kwanza ni Beowulf, mistari 3,182, iliyobaki katika muswada mmoja tu duniani ulionakiliwa karibu na mwaka 1000. Ya pili ni ile ya Vita vya Maldon, kipande cha mistari 325, kuhusu vita vya kweli vilivyopiganwa Essex mwezi Agosti 991.

Hoja yangu ni moja. Katika tungo hizi ushujaa unaanzia mdomoni, ukumbini, kikombe kikiwa mkononi. Wana neno lao, beot. Ukiuliza maana utaambiwa ni majigambo. Sasa sisi tuliosoma fasihi simulizi sekondari tunayajua majigambo: mtu anasimama, anachezesha mkuki, anajisifu kwa aliyoyatenda. Mwenye beot anajigamba kwa jambo ambalo bado hajalitenda. Anasimama mbele ya bwana wake na wenzake, anatamka, anakunywa. Kuanzia hapo anadaiwa.

Twende kwa Beowulf. Hrothgar, mfalme wa Wadenmark, kajenga ukumbi mkubwa uitwao Heorot. Kelele za furaha zinamkera zimwi anayeishi kinamasini, jina lake Grendel. Usiku wa kwanza anabeba watu thelathini. Mchezo huo unaendelea miaka 12. Ng'ambo ya bahari, kwa Wageat, kusini mwa Sweden ya leo, kijana Beowulf anasikia habari, anachagua wenzake 14, anapanda chombo. Huyu kijana ni mpwa wa mfalme wao, Hygelac. Mama yake ni dada wa mfalme. Nichepuke kidogo hapa: Kiingereza cha leo kinamwita mjomba na baba mdogo kwa jina moja, lakini kile cha kale kilikuwa na mawili, eam kwa kaka wa mama na fædera kwa ndugu wa baba, kama sisi tu. Kwa hiyo wewe mpwa wangu, uzito wa Beowulf kwa Hygelac unauelewa kuliko mwanafunzi mwenzako wa London.

Anafika Heorot. Kabla hajagusa chochote anachokozwa na Unferth, mtu anayeketi miguuni pa mfalme: wewe si yule uliyejigamba kipumbavu ukashindana na Breca baharini, akakushinda? Wengi hupita hapa haraka wakisema ni wivu. Wivu upo, utungo wenyewe unasema. Ila sikilizeni swali lake, ni swali la mkopeshaji: uliahidi zamani hukulipa, leo tukukopeshe kwa dhamana gani?

Beowulf anatoa hesabu. Ni kweli tulikuwa watoto, tukaahidiana, tukaogelea usiku tano, upanga mkononi kwa ajili ya nyangumi. Mawimbi yakatutenganisha. Nikaua madude tisa ya baharini. Kisha anamgeuzia kibao: wewe sijasikia vita vyako vyovyote, ila nimesikia uliwaua ndugu zako. Na ungekuwa mkali kama unavyojidai, Grendel asingefanya aliyoyafanya humu ndani.

Ndipo malkia Wealhtheow anapita na kikombe cha pombe ya asali (watu wa Tabora na Singida, wanzuki hiyo). Beowulf anapokea na kutamka: ama nitawatimizia watu hawa haja yao, ama nife mikononi mwa adui humuhumu ukumbini. Tunaambiwa maneno hayo yalimpendeza sana mama. Usiku anavua deraya (vazi la chuma la vitani), anaweka upanga kando, maana zimwi hajui silaha na yeye hataki kumzidi kwa silaha. Wanashikana. Mkono wa Grendel unang'oka begani.

Sasa rukeni mpaka mwisho. Beowulf kawa mfalme, katawala miaka hamsini, mzee. Mtu kaiba kikombe kwenye hazina ya joka, joka limetoka linachoma nchi. Mzee anaondoka na wenzake kumi na mmoja, na yule mwizi akiwaonyesha njia. Kabla ya pambano anasema kitu ambacho kila nikikisoma kinanigusa: nisingebeba upanga dhidi ya nyoka huyu, kama ningejua njia nyingine ya kumkabili kulingana na majigambo yangu, kama nilivyomfanya Grendel zamani. Mnaona? Mzee anaona haya kubeba upanga mbele ya joka linalotema moto! Sauti yake ya ujana inamdai mpaka siku ya kufa.

Upanga unashindwa kukata. Wenzake kumi wanakimbilia msituni. Anabaki kijana mmoja, Wiglaf, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kupigana kando ya bwana wake. Anawaambia wenzake (tafsiri ni yangu):

"Naukumbuka wakati ule tulipokunywa pombe ya asali, tukamwahidi bwana wetu ukumbini, yeye aliyetupa pete hizi, kwamba tutamlipa deraya zile, kofia za chuma na panga ngumu, siku haja ya namna hii itakapomfika."

Kitenzi alichokitumia mtunzi pale, gyldan, ndicho cha kulipa deni. Sijakitia mimi.

Maldon naileta post inayofuata. Msikomenti kwanza.

#2 SahaniYaUdongo

Nimetandika mkeka kabisa. Endelea mkuu.

#3 MjombaKihesa

Nilisema msikomenti, haya bwana.

Maldon. Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wametia nanga kwenye kisiwa cha Northey, mto Blackwater. Kati ya kisiwa na bara kuna njia nyembamba: maji yakijaa inazama, yakipwa inaonekana. Ipo mpaka leo. Upande wa bara kasimama Byrhtnoth, tumwite liwali wa Essex chini ya mfalme Æthelred, mzee wa mvi. Mjumbe wa Waviking anapiga kelele kutoka ng'ambo: tupeni dhahabu turudi melini kwa amani. Byrhtnoth anainua ngao, anatikisa mkuki: "Wasikia, baharia, watu hawa wanavyosema? Kodi watakayokupa ni mikuki."

Maji yalikuwa yamejaa, kila upande ukabaki unamtazama mwenzake. Yakapwa. Watu watatu, Wulfstan, Ælfhere na Maccus, wakaiziba ile njia na adui akashindwa kupita. Waviking wakaomba: tuachieni tuvuke. Byrhtnoth akawaachia. Akauawa. Kabla yake alishakatwa Wulfmær, mtoto wa dada yake. Mpwa tena.

Utungo mwingine wowote ungeishia hapo. Huu ndio kwanza unachangamka. Godric mwana wa Odda, ambaye marehemu alimpa farasi si mara moja, anampanda farasi wa marehemu mwenyewe na kutimkia msituni na ndugu zake wawili. Walio mbali wanaona farasi wa mkubwa anaondoka, wanadhani ni mkubwa. Ukuta wa ngao unavunjika. Waliobaki sasa wanasema, mmoja baada ya mwingine, na kila anayemaliza kusema anakwenda kufa. Ælfwine, kijana, ndiye anafungua:

"Kumbukeni maneno tuliyoyasema mara nyingi kwenye pombe ya asali, tulipoinua ahadi zetu mabenchini, wanaume ukumbini, juu ya vita vikali. Sasa itajulikana nani hodari."

Pombe ileile! Tungo mbili tofauti, moja ya majoka na moja ya vita vya kweli, na wakati wa kufa wote wanataja kile kikombe. Offa, askari mwingine wa Byrhtnoth, alishaonya siku ileile barazani kwamba wengi waliokuwa wakiongea kijasiri hawatastahimili shida ikija. Yeye alimwahidi bwana wake watarudi nyumbani wote wawili au waanguke pamoja. Akaanguka, wakalala karibu.

Halafu mzee Byrhtwold anasema mistari ambayo kila mwanafunzi wa Kiingereza cha kale huikariri: *Hige sceal þe heardra, heorte þe cenre, mod sceal þe mare, þe ure mægen lytlað.* Nimejaribu hivi: nia na iwe ngumu, moyo uwe mkali, ari na izidi, kadiri nguvu zetu zinavyopungua.

Naomba kuwasilisha. Mpwa, sifa zako sita usizifute, ila zifunge kwa kamba hii.

#4 Malenga_Mkavu

Mkuu nimesoma yote, hongera. Ila hicho ulichonukuu mbona hakina vina wala mizani? Hiyo ni nathari iliyokatwa vipande. Tungo bila arudhi mimi siiti ushairi, hata itoke Ulaya.

#5 MjombaKihesa

Malenga nilijua utakuja. Arudhi wanayo, tena ngumu. Kina chao kiko kichwani mwa neno, chetu kiko mkiani. Kila mstari una vipande viwili vyenye pumziko kati, kila kipande silabi mbili za mkazo, na sauti za mwanzo lazima zikamatane kuvuka pumziko. Mtazame Byrhtwold tena: hige, heardra, heorte, halafu mod, mare, mægen. Nikijaribu kwa Kiswahili inatoka kitu kama:

nguvu zikinyong'onyea / nia na inyooke

Usinicheke. Na wana mafumbo yao ya kutaja vitu: bahari ni "njia ya nyangumi", mwili ni "nyumba ya mifupa", mfalme ni "mgawa pete". Hilo la mwisho lina siasa nzima ndani yake.

#6 Malenga_Mkavu

Hiyo ya kunyong'onyea na kunyooka nimeikubali shingo upande.

#7 BintiShangani

Kaka zangu, mnaongea kama ukumbi ule una wanaume watupu. Kikombe mnachokisifia kinaletwa na nani? Wealhtheow ndiye anayekipitisha, kuanzia kwa mfalme, kisha kwa vijana, na yeye ndiye anayesikia ahadi na kuridhika nayo. Kwa hesabu ya mleta uzi, huyu mama ni karani wa madeni.

Na humohumo ndani ya Beowulf kuna habari ya Hildeburh ambayo watu wanairuka. Binti wa Kidenmark kaolewa kwa Finn, mfalme wa Wafrisia, ili koo mbili zipatane. Wana neno kwa mwanamke wa namna hiyo, freoðuwebbe, mfuma amani. Ugomvi ukazuka ukweni. Kaka yake, Hnæf, akafa upande mmoja na mwanawe akafa upande wa pili, na mama akaamuru walazwe juu ya moto mmoja, bega kwa bega. Baadaye mume naye akauawa, yeye akarudishwa kwao pamoja na mali iliyotekwa. Hakuahidi chochote kwenye pombe, na alilipa kuliko wote. Hapo kamba yako inafungaje?

Kisha ndani ya muswada uleule wa Beowulf kuna utungo wa Judith, yule mjane wa kwenye Biblia anayemkata kichwa jemadari Holofernes akiwa amelewa chakari. Shujaa kamili, upanga mkononi. Mlevi ndiye anayekufa.

#8 MjombaKihesa

Dada, kwa Hildeburh umenishika. Kamba haifungi. Nadhani mtunzi anajua haifungi, ndiyo maana anaiweka simulizi hiyo katikati ya karamu ya kushangilia kifo cha Grendel, na mara tu malenga anapomaliza kuiimba, Wealhtheow anasimama kuwaombea wanawe. Mama kasikia kitu ambacho wanaume waliokuwa wakinywa hawakusikia.

"Karani wa madeni" naiiba, mpwa wangu aiandike.

#9 KodiYaKichwa

Mimi nitasema ukweli. Hizi ni nyimbo za mabwana za kuwafanya vijana wafe. Bwana anakupa pete, anakunywesha, unaropoka ukiwa umelewa, kesho unakumbushwa "uliahidi". Huo ni mkopo wa kausha damu. Halafu malenga analipwa na bwana yuleyule kuimba kwamba aliyekimbia ni mwoga. Tacitus, Mrumi, aliandika mwaka 98 kwamba kwa Wajerumani ni fedheha ya maisha mtu kutoka vitani hai wakati mkubwa wake kafa. Miaka mia tisa baadaye Maldon bado wimbo ni uleule. Wimbo ulifanya kazi yake!

Na baada ya Maldon ilikuwaje? Mwaka uleule wa 991 Waingereza walilipa Waviking pauni 10,000 waondoke. Yaani ile kodi aliyoikataa Byrhtnoth ililipwa vilevile. Wale vijana walikufa kwa faida ya nani?

#10 MjombaKihesa

Hapo sina ubishi mkubwa. "Mgawa pete" ndilo jina la kazi ya mfalme, na Wiglaf mwenyewe akikaripia anaorodhesha vitu: kofia, deraya, panga. Ile hazina ya Staffordshire iliyofukuliwa mwaka 2009, vipande zaidi ya 4,000, sehemu kubwa ni mapambo ya dhahabu na fedha ya panga na vifaa vya vita. Dhahabu ilikuwa inatembea kutoka mkono wa bwana kwenda kiunoni mwa askari, na damu inarudi.

Ila ninakataa kwamba malenga alikuwa kasuku. Baada ya Beowulf kufa, Wiglaf anasema wazi kuwa mara nyingi watu wengi hulazimika kuteseka kwa matakwa ya mtu mmoja. Anamsema mfalme wake, maiti bado haijachomwa. Na kwenye mazishi kuna mwanamke wa Kigeat anayelia kwa hofu ya majeshi yatakayokuja, mauaji, utumwa. Hakuna anayemkanusha.

Na pale Maldon kuna Dunnere, mtu wa kawaida kabisa, mkulima huru asiye na pete ya mtu. Anatikisa mkuki, anasema neno fupi tu: anayetaka kumlipizia bwana asirudi nyuma wala asijali maisha. Huyu hakukopeshwa.

#11 KodiYaKichwa

Au kawekwa na malenga ili ionekane hakukopeshwa.

#12 MjombaKihesa

😂 Haya, hilo siwezi kuliziba.

#13 Kamanda_Mstaafu

Niliwahi kuvaa gwanda, niseme la Byrhtnoth kuwaachia wavuke. Utungo unasema alifanya hivyo kwa ofermod, na wasomi wamelipigania neno hilo hadi leo. Tolkien, msomi wa Kiingereza cha kale, mwaka 1953 alilisoma kama lawama nzito: kiburi cha mkubwa kimeua watu wake. Na kweli kwingine katika ushairi wao neno hilohilo limetumika kwa kiburi cha Ibilisi.

Lakini jiwekeni uwanjani. Adui ana meli. Ukimzuia pale kwenye njia, maji yakijaa tena anang'oa nanga, anakwenda kuchoma mji mwingine wa pwani usio na jeshi. Leo umekusanya watu, kesho wametawanyika kuvuna, ni Agosti hiyo. Nafasi ya kumvunja ni kumkubalia ashuke. Kamanda aliye na akili timamu anaweza kufanya uamuzi uleule bila kiburi chochote. Alikosea hesabu ya nguvu tu. Malenga hakuwa kamanda.

#14 Ubao_na_Chaki

Kamanda umeeleza vizuri, lakini naomba turudi kwenye maneno maana mimi ni mwalimu. Kuna neno pacha wa ofermod ambalo mleta uzi hajaligusa, na ni neno la mwisho kabisa la Beowulf. Wapanda farasi kumi na wawili wanalizunguka kaburi la mfalme juu ya rasi, wanasema alikuwa kati ya wafalme wa dunia mpole kuliko wote, mwenye huruma kuliko wote, mwema kwa watu wake, na lofgeornost: mwenye hamu kuu ya kusifiwa. Sifa tatu laini kama pamba, halafu hiyo. Katika maandishi ya dini ya zama zile, kuitwa hivyo ni kusemwa vibaya. Muswada wenyewe umeandikwa na Wakristo. Mwaka 797 Alcuin, msomi wa Kanisa, alimwandikia askofu mmoja akilalamika kwamba watu wa dini wanasikiliza nyimbo za mashujaa wa kale wakati wa kula: Ingeld ana uhusiano gani na Kristo? Maana yake walikuwa wanazisikiliza, na kwa raha!

Kwa hiyo mtunzi kasimama na mguu mmoja ukumbini na mmoja kanisani. Mzee Hrothgar ndiye mdomo wake pale anapomwonya Beowulf asijivune: leo una nguvu, kesho ni ugonjwa au upanga, au moto, au maji, au mkuki, au uzee, au macho tu kufifia. Kijana kashinda mara mbili, anapewa mawaidha badala ya makofi.

Na nikukosoe jambo moja, mleta uzi. Pambano la pili, la mama wa Grendel, halina beot ya ukumbini. Mama kaja kulipiza kifo cha mwanawe, kamuua Æschere, rafiki wa mfalme, na Beowulf anamwambia mzee: usihuzunike, heri mtu amlipizie rafiki yake kuliko kuomboleza sana; kila mmoja wetu atafikia mwisho, awezaye na ajipatie jina kabla ya kifo. Hapo ni kisasi na jina. Nadharia yako inalegea.

#15 MjombaKihesa

Mwalimu, shikamoo. Soma mistari michache mbele ya hapo. Anaongeza: nakuahidi, hatapata pa kujificha, si ardhini, si msituni, si chini ya bahari. Kaahidi palepale, bila kikombe. Mkopo wa dharura.

Kwa lofgeornost nimenyoosha mikono. Naongeza kitu kidogo tu: kuna mahali tunaambiwa Beowulf ujanani alidharauliwa, Wageat walimwona goigoi, wala bwana wake hakumpa heshima kwenye benchi la kunywea. Mtu aliyeanza hivyo sishangai akafa na njaa ya kusifiwa.

#16 Marahaba_Tena

Wakuu samahani kuchepusha. Mimi nilipofika kwa Beowulf na joka nikamkumbuka Fumo Liyongo, kachomwa na mwanawe kitovuni, akaenda kupiga goti kisimani na mshale kwenye upinde, akafa hivyohivyo na watu wakaogopa kumsogelea siku kadhaa. Si ndio walewale?

#17 Ubao_na_Chaki

Wanakutana kwenye upweke. Lakini Liyongo anaponzwa na mfalme pamoja na mtoto wake, yaani na wale waliopaswa kumlinda. Beowulf hakuna aliyemsaliti kwa makusudi. Watu wake waliogopa tu. Na angalia Wiglaf anavyowapokea wanapotoka msituni na ngao zao, wamejaa haya. Wanamkuta amekaa kando ya bega la bwana wake anamnyunyizia maji usoni, anajaribu kumwamsha, na mtu keshakufa. Ndipo anawaambia: kifo ni bora kwa kila mwanamume kuliko maisha ya aibu. Na si maneno matupu, anawatajia adhabu: ukoo wenu wote utapoteza haki ya ardhi, wakubwa wakishasikia mlivyokimbia.

#18 SahaniYaUdongo

Mimi niliyeweka mkeka nina swali la mtu wa kawaida. Mmesema Maldon ni kipande. Kingine kiko wapi? Na huyu Godric wa farasi aliishia wapi jamani, alikamatwa?

#19 MjombaKihesa

Muswada wa Maldon uliungua. Oktoba 1731 moto ulizuka Ashburnham House, Westminster, palipohifadhiwa mkusanyo wa miswada wa Sir Robert Cotton. Beowulf alikuwa humohumo. Aliunguzwa kingo, na kurasa zimekuwa zikimeguka tangu hapo, sasa yuko Maktaba ya Uingereza. Maldon iliteketea. Bahati ni kwamba ilikuwa imenakiliwa kabla, na Thomas Hearne alishaichapa mwaka 1726, miaka mitano tu kabla ya moto. Na hata hapo ilishakuwa haina kichwa wala mkia. Kwa hiyo tunaingia vita vikiwa vinaanza: Byrhtnoth anaamuru farasi wafukuzwe wapelekwe mbali, na kijana mmoja anamwachia mwewe wake wa kuwindia aruke kwenda msituni, maana hatamhitaji tena.

Godric wa farasi utungo haumfuati huko msituni. Umemtaja yeye, baba yake, na ndugu zake Godwine na Godwig, ukawaacha. Ila mwishoni kabisa, baada ya Byrhtwold kusema yake, anatokea Godric mwingine, mwana wa Æthelgar. Huyu anakwenda mbele, anarusha mikuki mfululizo, anakata watu, mpaka anaanguka. Majina yamegongana, na malenga anaogopa msikilizaji asije akamchanganya. Kwa hiyo anasimamisha vita ili aseme neno, na huo ndio mstari wa 325, baada yake hakuna kitu:

"Huyu hakuwa yule Godric aliyevikimbia vita."